Mbuga Huvukwa, Hailaliwi

Kijiji cha Azimio,
kupitia Stesheni ya Usoke
20 Oktoba 1974

Tobias,

Barua hii haina salamu. Salamu hutoka nyumbani, nami sina nyumbani tangu Jumanne iliyopita.

Mgambo walikuja asubuhi na lori. Walituruhusu kutoa vyungu, kuku na magodoro. Kiongozi wao ni kijana ambaye baba yake nilimfundisha kuandika jina lake. Nikamwuliza kwa adabu, "Mwanangu, nikikataa?" Akasema, "Mzee, ukikataa utahama na paa lako kichwani." Wenzake wakacheka. Akaniomba kiberiti awashie sigara, nikampa. Sigara ikawaka, kisha kwa kiberiti hicho hicho akawasha nyasi za paa langu.

Mke wangu Eustadia amelala nyuma ya nyumba ile. Mawe ya kaburi lake niliyapanga kwa mikono yangu. Wewe ulikula ugali wa mama huyo miaka yote uliyokaa kwangu ukisoma, na leo umemwacha porini kama mzoga, kwa sababu makaburi hayamo kwenye ramani yako ya kijiji kipya.

Sasa tumepangwa. Mistari minyoofu, nyumba kama meno ya kitana, na sisi ndani yake kama chawa. Binti yangu Josepha nami tumewekwa mstari wa juu. Binti yake, Flavia, mjukuu wangu, yuko nyumba ya mwisho huko chini na mumewe Marko. Ana mimba.

Nakumbuka insha yako ya darasa la sita. Niliwapa kichwa: "Ningepewa dunia niitengeneze upya." Wenzako walitaka nyama kila siku. Wewe uliandika kwamba ungeinyoosha mito yote na kuweka kisima kwenye kila mlango, maana mama yako alitoka kutafuta maji kabla ya jogoo. Nilikupa tisa kwa kumi, nikaisoma mbele ya darasa mara mbili. Laiti ningekuwa na nguvu ya kupanda treni, ningekuja ofisini kwako na kalamu nyekundu, nikaifute alama ile.

Hilari

*

Tabora
2 Novemba 1974

Kwako Mwalimu wangu Hilari,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, kama nilivyosimama mbele ya meza yako zamani.

Kuhusu kiberiti, sikuamuru mimi. Nimeuliza, nikajibiwa kwamba hayo si ya idara yangu. Najua jibu hilo haliezeki paa.

Lakini Mwalimu, umenikasirikia na mimi niruhusu nikasirike kidogo. Mama Eustadia alifia wapi? Alifia juu ya baiskeli, kwenye njia ya porini, zahanati ikiwa bado mbali. Nilikuwa nikiisukuma baiskeli ile mimi. Siku ile hakuna aliyesema habari za uzuri wa kuishi mbalimbali, kila mtu na pori lake. Dunia hii tuliyoikuta haikupangwa na mtu aliyetupenda. Maji yako huku, watu kule, dawa kwingine kabisa. Kwa nini iwe dhambi kuipanga upya?

Umeiona njia ya zamani ya misafara inayopita hapo kwenu. Imepindapinda kama mlevi anayetoka kilabuni. Wapagazi wetu walipinda nayo miaka yote wakiwa na pembe za ndovu za watu wengine mabegani. Mimi nimepiga mstari mmoja kutoka stesheni hadi zahanati mpya, na hakuna mama atakayefia juu ya baiskeli tena.

Mbuga ya Kasela, mlipo sasa, niliichagua kwa kuwa ni tambarare, haina miti ya kukata, na udongo wake ni mweusi, wenye nguvu. Mtu mmoja tu angeweza kunizuia, na hukunizuia. Nilipouliza barazani, kabla hamjahamishwa, kama mvua ikinyesha maji husimama pale, uliinuka wewe ukasema, "Hapana. Tangu nizaliwe." Watu wakapiga makofi. Sikumwuliza mtu mwingine. Ningemwulizaje mwingine baada ya mwalimu wangu kusema?

Kwa hiyo hata ukinitukana, najua moyoni ulikuwa pamoja nami.

Mwanafunzi wako,
Tobias

*

Azimio
12 Januari 1975

Tobias,

Shikamoo yako imefika. Marahaba nimeiweka mfukoni kwanza.

Habari za Eustadia usizirudie.

Nina jambo dogo. Mvua za mwaka huu ni za kunyunyizia, mahindi yamejikunja kama sigara. Hilo si lako. Lako ni hili: Flavia amekaribia kujifungua, na nyumba yake iko huko chini. Naomba ahamishiwe juu, upande wa njia ya misafara, jirani na mama yake. Kule chini ni mbali na kisima. Tena kuna upepo. Tena mzazi anahitaji kuwa karibu na mama yake. Sababu ni nyingi, chukua uipendayo.

Usiniulize zaidi. Fanya.

Hilari

*

Tabora
27 Januari 1975

Kwako Mwalimu,

Shikamoo. Ombi lako limenitesa siku kadhaa, maana sijawahi kukunyima kitu.

Lakini siwezi. Mstari ukipinda kwa mjukuu wa mwalimu wangu, kesho utapinda kwa shemeji wa mwenyekiti, na kesho kutwa kwa mwenye mbuzi wa kuhonga. Mwishowe tutarudi kule kule, wenye watu juu na wasio na watu chini. Wewe ndiye ulituchapa sisi sote sawa, mtoto wa katekista na mtoto wa mlevi. Nimejifunza kwako.

Mwambie Flavia asihuzunike. Kisima cha pili kitachimbwa mwezi wa Mei, mlangoni kwake kabisa. Insha yangu itatimia kwake kwanza.

Mwanafunzi wako,
Tobias

*

Azimio
23 Februari 1975

Tobias,

Kisima ulichomwahidi Flavia kimefika kabla ya Mei. Kimemfuata ndani.

Mvua ilinyesha mbali huko juu, yatokako maji, si hapa. Hapa jua lilikuwa linawaka, watu wanapalilia. Maji yakaja bila kelele, yakienea kwenye nyufa za udongo mweusi kama maziwa juu ya meza, mpaka nyufa zikashiba. Kisha yakaanza kupanda. Matofali yako mabichi yaliyeyuka kama sukari.

Flavia alikuwa amejifungua wiki ile. Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka, kwa hiyo hakutoka nje. Alimsubiri mama yake aje ampe ruhusa. Josepha alikwenda, maji yakimfika kiunoni. Aliusikia ukuta ukianguka kabla hajafika. Aliwafukua yeye mwenyewe, kwa mikono.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakuwa amepewa jina.

Tumewazika juu, kando ya njia ile uliyoiita ya mlevi. Mbuga yako haikukubali kaburi. Kila tulipochimba shimo lilijaa.

Umeua, Tobias. Wewe na rula yako. Ulitaka kumwondolea mama yako safari ya maji, ukayaleta maji kitandani kwa mjukuu wangu. Kila ukilala, nakuombea uisikie sauti ya ukuta ule.

Hilari

*

Tabora
6 Machi 1975

Mwalimu,

Shikamoo. Sina neno la msiba linalotosha. Flavia nilimbeba mgongoni alipokuwa hajui kutembea. Laana uliyoniombea imefika. Sauti ile naisikia mchana pia.

Nimesimamishwa kazi. Kamati itakaa mwezi wa Mei hapo kijijini. Wanasema nilichagua mbuga makusudi, ili mpango wa Taifa ushindwe. Jina la kosa hilo ni hujuma, nalo lina kifungo.

Kwa hiyo nauliza, na nauliza kama mwanafunzi aliyeinua mkono. Nilisimama barazani, nikauliza kwa Kiswahili chepesi kama maji husimama pale. Ukasema hapana, tangu uzaliwe. Ulikosea, Mwalimu? Mtu huweza kukosea. Ukiniandikia neno hilo moja tu, "nilikosea," nitaipeleka barua yako kwa kamati, na hakuna atakayemfunga mzee kwa kukosea.

Nasubiri.

Tobias

*

Azimio
15 Machi 1975

Bwana Afisa,

Swali lako silikumbuki, wala jibu langu. Mzee husahau. Aliyevaa viatu na kula mshahara ili ajue mambo ya ardhi ni wewe. Leo umemaliza kuzika watu, unatafuta mzee wa kumtwika jeneza.

Usiniandikie tena.

Hilari

*

Azimio
10 Aprili 1975

Kaka Tobias,

Baba hajui kwamba nakuandikia. Analala muda mwingi, anatema damu, na akiamka anagombana na ukuta.

Niliikuta barua yako imekunjwa chini ya mto wake. Nakujibu mimi.

Sote tulijua. Mrina asali Ng'washi alikuwa amekaa nyuma yangu barazani siku ile, na baba aliposema "hapana" Ng'washi alinibana mkono mpaka ukauma. Yeye aliona ng'ombe wakizama Kasela mwaka ambao Flavia alipata komunyo ya kwanza. Mimi mwenyewe niliona maji pale nikiwa binti.

Utasema, basi mbona hamkusema? Kaka, wewe umezaliwa wapi? Mtu mzima akishasema mbele ya mgeni, kumkosoa ni kumvua nguo. Na wewe siku ile ulikuja kama mgeni, na Landrova na kofia. Tukapiga makofi. Ulidhani ya kukubali? Yale yalikuwa makofi ya kumfunika mzee. Mtoto wa hapa angeyatambua. Wewe uliandika kwenye daftari kwamba wananchi wameafiki.

Mikono iliyomfunika baba ndiyo hii, na ndiyo iliyomfukua mwanangu kwenye matope. Sijui niukate upi.

Nakuchukia wewe, na baba namchukia, na kila asubuhi nampikia uji. Sijui kwa nini alisema vile. Nikimwuliza anageukia ukutani. Kama unajua, niambie.

Josepha

*

Azimio
2 Juni 1975

Tobias,

Naandika nimelala kitandani, lakini sitaki mtu aniandikie haya.

Nilijua.

Baba yangu alikuwa mpagazi. Nikiwa mdogo alinipitisha kwenye njia ile ya misafara akanionyesha walipolala, na hakuna kambi hata moja ndani ya Kasela. Alisema, "Mbuga huvukwa, hailaliwi." Nimelijua neno hilo kabla ya kujua Baba Yetu. Na wewe uliposimama na kofia yako ukauliza, nililitafuta nikalipata, nikalimeza, nikasema hapana.

Sikukosea. Ungeniuliza mara kumi ningesema hapana mara kumi. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba tutahamishwa tupende tusipende. Nikajiambia, sawa, watupeleke mbugani. Mvua za Novemba zitaingia kwenye misingi, maji ya kifundo cha mguu. Tutacheka, wakubwa wataona aibu, kila mtu atarudi kwake, nami nitarudi kwa Eustadia. Nilitaka mpango wako ufe ukiwa mchanga. Nilijiona mwerevu kuliko Serikali.

Lakini mvua haikuja. Novemba ikapita, Desemba ikapita. Misingi ikapata kuta, kuta zikapata mapaa. Watu wakaanza kupazoea. Flavia akapanda maboga mlangoni. Kila Jumamosi nilisema nitatamka kesho baada ya Misa, na kila Jumapili nilikuta ni vigumu kuliko juma lililopita, maana sasa ningesimama kama mzee aliyeuongopea ukoo wake wote. Basi nikakuomba uhamishe nyumba moja. Moja, Tobias. Wengine wote nilikuwa tayari walowe. Hilo ndilo linaloniamsha.

Wewe ukakataa kwa haki niliyokufundisha mwenyewe. Nilipokuandikia kwamba umeua, nilikuwa najiandikia, nikatumia anwani yako.

Nimeungama kwa padri. Akanipa rozari tatu. Nikamwambia, "Padri, rozari tatu ni za mwizi wa kuku." Akasema huruma ya Mungu haipimwi. Nikamwambia hata mbuga haikupimwa. Ameondoka amekasirika, nami nimebaki nimekasirika.

Juzi kamati ilikaa. Marko na Ng'washi walinibeba na kitanda mpaka barazani. Nikasema yote mbele ya wote, kama nilivyokuandikia hapa. Nikasema, "Mfungeni mwenye kosa. Ni mimi." Mwenyekiti wa kamati, Bwana Sylvester, akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko pingu. "Mzee wetu," akasema, "tunajua unampenda kijana wako. Lakini tazama." Akapiga kiatu chini, vumbi likapaa. "Maji yako wapi?"

Na watu wakapiga makofi.

Umesikia? Wakanifunika! Mzee asijiaibishe mbele ya wageni. Nilipiga kelele mpaka damu ikanitoka, "Acheni! Acheni kunifunika!" Wakazidi kupiga, wengine wanalia. Josepha peke yake alificha mikono ndani ya kanga. Akainuka akasema, "Baba anasema kweli." Bwana Sylvester akasema, "Mama huyu ana msiba, mkalisheni."

Wameamua kwamba maji yalikuja kwa sababu kalvati ya barabara iliziba. Watachimba mtaro. Mwezi wa Agosti wanaleta vigingi vipya, nyumba zijengwe pale pale kabla ya mvua, katika mbuga ile ile. Kwako wameandika uzembe badala ya hujuma, kwa hiyo hutafungwa, ila kazi umepoteza. Ukweli wangu haukukusaidia wewe wala wao. Nimeusema umechelewa, na umekuwa kama uongo.

Hilari

*

Itetemia
14 Juni 1975

Mzee Hilari,

Sikuamkii. Nimejaribu mara tatu na mkono umekataa.

Niko kwa dada yangu hapa Itetemia, napalilia mihogo. Jirani wananiita Bwana Ramani. "Bwana Ramani, mstari huu wa mihogo umenyooka?" Nami nacheka nao, kwa sababu nitafanya nini?

Nilikuwa tayari kusikia kwamba ulikosea. Nilikuwa tayari kusikia kwamba umezeeka. Sikuwa tayari kwa hili. Kama ulitaka mpango wangu ufe, si ungeniambia? Si ungekuja na fimbo yako barazani, ukaniita jina langu la darasani? Wallahi ningelala chini mbele ya mgambo ukanichapa, na kijiji kingechekea hapo, na Flavia angekuwa analea.

Unasema mimi niliichora dunia kwa rula. Wewe uliichora kwa maji. Ulikuwa na ramani yako, na tarehe yako, na watu ukawapanga ndani yake bila kuwauliza, kama mimi. Tena mimi sikujua. Wewe ulijua. Tisa kwa kumi ni alama yako, Mzee. Ichukue.

Baada ya barua yako nilipanda treni nikashuka Usoke, lakini sikuja kwako. Niliifuata njia ya misafara kwa miguu kutoka upande wa machweo. Kila inapopinda nilisimama nikatazama. Haijapinda kama mlevi. Imepinda kama mtu mwenye akili timamu anayepita pembeni mwa maji. Ramani yote ya Kasela imeandikwa pale kwa nyayo, na mimi niliikanyaga na viatu vyangu nikiwa natafuta mahali pa kuegesha Landrova. Kwa nini hukunifundisha hili darasa la sita? Ulitufundisha mito ya Ulaya!

Niliandika kwa kamati kuhusu njia hiyo. Hawakujibu. Nani amsikilize aliyefukuzwa kwa uzembe?

Sijakusamehe. Usife ukidhani nimekusamehe.

Tobias

*

Azimio
30 Juni 1975

Tobias,

Hukuniamkia. Marahaba, mwanangu.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimefurahi kwamba hukuweka ndani yake hata neno moja la kunifariji. Msamaha wako usinipe. Ukinipa nitalala, nami bado nina kazi.

Ni kweli, niliwafundisha mito ya Ulaya. Niliona aibu kufundisha watoto njia aliyoikanyaga baba yangu na mzigo kichwani. Nilidhani elimu ni kuiacha njia ile. Hilo nalo liandike kwenye hesabu yangu.

Sasa sikiliza. Agosti watakuja na vigingi. Ukweli wangu wameukataa na barua yako wameitupa. Mbuga itakuwa kavu, itatoa vumbi, na Bwana Sylvester atapiga kiatu chake. Watu wataulizwa na watapiga makofi. Kuna kitu kimoja tu ambacho makofi hayawezi kukifunika, na mgambo na lori lao hawawezi kukipita. Wale vijana walichoma nyumba yangu wakicheka, lakini nilimwona kiongozi wao akikanyaga kwa uangalifu asiguse mawe ya Eustadia. Nyumba ya mtu aliye hai wataichoma. Juu ya kaburi la mzee hakuna atakayechimba msingi, wala hakuna mama atakayekubali kuwekewa kitanda upande wa chini yake.

Tangu walipotangaza kutuhamisha nimekuwa nikitaka kitu kimoja tu, kurudi kando ya mke wangu. Nilidanganya kwa ajili hiyo, na kwa ajili hiyo wawili wamekufa. Nimekiacha. Usidhani nimekiacha kwa moyo mtulivu kama mtakatifu wa kwenye picha. Nina hasira ninapoandika. Nimewakasirikia waliotuhamisha, nimekukasirikia wewe na kofia yako, na mimi mwenyewe nimejikasirikia hata uji haupiti. Lakini nimekiacha.

Josepha atakuonyesha mchongoma ulio chini ya kona ya njia, mahali ambapo takataka za Februari bado zimenasa kwenye miiba. Maji yaliishia pale. Njoo na chombo chako cha kupimia, kama wamekuachia. Kama hawakukuachia, njoo na kamba na macho. Pima vizuri. Safari hii usimwulize mtu mmoja. Waulize wote, uanze na Ng'washi, na usiwaulize barazani. Waulize mmoja mmoja, shambani, umevua kofia. Mimi nitakuwa maiti. Hawatakuwa na mzee wa kumfunika.

Hapo utakapopata ndipo unilaze. Josepha amekubali. Nilipomwambia aliendelea kukoroga uji, kisha akasema, "Angalau utamlinda mtu, baba." Hakusema kwa upole.

Ulitaka kuitengeneza dunia upya, nami nilitaka ibaki kama nilivyoizoea, na sote wawili tuliwalaza watu mahali pasipolalika. Sina ramani nyingine ya kukupa. Nina urefu wa kaburi tu.

Msalaba uwe wa mti mgumu, mninga au mkora, usiliwe na mchwa kabla ya mvua kubwa ijayo. Jina langu usiliandike. Mwalimu usiandike. Chonga herufi kubwa, zisomeke na mtu aliye juu ya lori:

MAJI HUFIKA HAPA.

Hilari